Maporomoko ya Chini ya Bahari: Tope la Sakafuni Linaweza Kuiambia Nini Nairobi?

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, mwendo wa saa mbili na robo, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilitokea chini ya bahari kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Lilisikika Mombasa, na likasikika Nairobi pia, hasa kwa waliokuwa ghorofani. Kabla ya taarifa yoyote rasmi, mitandao ya kijamii ilikuwa imeshatoa hukumu: Afrika inapasuka, Bonde la Ufa limeamka, tsunami iko njiani kuelekea Pwani. Mwaka 2024 mkanganyiko ukarudi kwa sura nyingine. Mwezi Machi nyaya za intaneti za baharini zilikatika karibu na Abidjan, na kampuni ya MainOne ikasema uchunguzi wa awali unaashiria mtikisiko wa sakafu ya bahari. Tarehe 12 Mei nyaya za EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Nairobi ikadorora. Wapo waliolaumu vita vya Bahari ya Shamu, wapo waliotaja nanga za meli, na wapo waliofunga yote katika furushi moja na mafuriko yaliyokuwa yameikumba nchi wiki hizo hizo.

Matukio hayo hayana chanzo kimoja, na si haki kuyachanganya. Hata hivyo nyuma yake limejificha swali moja halali ambalo halijibiwi kwa uvumi wala kwa kukanusha uvumi: je, mteremko ulio chini ya maji mbele ya pwani yetu umetulia, na ukiporomoka, nani atajua kwa wakati? Wanasayansi wa bahari hulitafutia jibu katika tope la sakafuni. Lakini wao kwa wao hawakubaliani tope hilo linasema nini, na Nairobi, mahali maamuzi na fedha vinapogawanywa, inalazimika kuchagua imsikilize nani.

Mteremko tusiouona

Nchi haiishi pale mawimbi yanapovunjikia. Nje ya miamba ya matumbawe ardhi huendelea chini ya maji kama uwanda wa kina kifupi, kisha hufika ukingoni na kuteremka hadi kina cha maelfu ya mita. Mbele ya Mombasa uwanda huo ni mwembamba. Kaskazini mwa Malindi, katika Ghuba ya Ungwana, unapanuka sana. Juu ya mteremko huo, mito, upepo na mabaki ya viumbe wadogo wa baharini vimekuwa vikilimbikiza mashapo kwa mamilioni ya miaka.

Mashapo hayo hayajashikana kama mwamba. Kati ya chembe zake kuna maji. Mzigo mpya ukimwagwa juu haraka kuliko maji yale yanavyoweza kupenya na kutoka, au ardhi ikitikisika, au gesi ikajikusanya ndani, mshikamano hulegea na kipande cha mteremko huanza kuteleza. Wala mteremko hauhitaji kuwa mkali. Poromoko la Storegga, nje ya Norway, lililotokea miaka ipatayo 8,150 iliyopita na kuhamisha takriban kilomita za ujazo 3,000 za mashapo, lilianzia mahali ambapo mtu akitembea asingehisi kuwa anashuka. Wimbi lake liliacha mchanga katika pwani za Norway, Scotland na visiwa vya Shetland.

Kipande kilichoteleza huweza kusimama kikiwa bado kizima. Huweza pia kuvunjika, kuchanganyika na maji na kugeuka mkondo mzito wa tope unaokimbia chini ya bahari kwa mamia ya kilomita. Ushahidi mkubwa wa jambo hili haukutoka maabara. Ulitoka kwenye simu za maandishi zilizokatika. Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko la ukubwa wa 7.2 lilitikisa eneo la Grand Banks, nje ya Newfoundland. Nyaya 12 za telegrafu zilikatika, nyingi zikifuatana moja baada ya nyingine kadiri mtu anavyoshuka kuelekea kilindini, kwa muda wa saa 13. Wimbi lililotokana na poromoko hilo liliua watu 28. Ilipofika mwaka 1952, Bruce Heezen na Maurice Ewing walisoma saa za kukatika kwa nyaya na kukokotoa mwendo wa mkondo ule. Tangu hapo waya wa mawasiliano na poromoko la chini ya maji ni masomo mawili yasiyotengana, na mtu anayefanya kazi kwa intaneti huko Westlands ana hisa katika mjadala huu hata kama hajawahi kufika Malindi.

Na kwetu? Mwaka 2020 Vittorio Maselli na wenzake, wakitumia picha za mwangwi, yaani picha za tabaka zilizo chini ya sakafu zinazopatikana kwa kurudi kwa sauti, zilizopigwa kutafuta mafuta na gesi nje ya Tanzania, walitangaza kuwa wamegundua moja ya maporomoko makubwa kuliko yote yanayojulikana duniani. Waliliita kwa jina la kisiwa cha Mafia. Mashapo yaliyohama yanazidi kilomita za ujazo 2,500, kiasi kinachokaribia Storegga. Umri wake ni wa zama za Miosini, mamilioni mengi ya miaka iliyopita, sambamba na kipindi ambacho Bonde la Ufa lilikuwa likifunguka na uwanda wa juu wa Afrika Mashariki ukiinuka. Watafiti hao walieleza kuwa kuinuka huko kulileta mambo mawili kwa pamoja: matetemeko, na mashapo mengi zaidi kushuka baharini. Wengi waliosoma habari hiyo walishika neno "kubwa" na kusahau neno "Miosini". Mafia ni ushahidi kwamba mteremko wetu unaweza kuanguka kwa kiwango cha kutisha. Si ushahidi kwamba uko karibu kuanguka.

Bomba, tope na kalenda

Ili kujua kilichotokea katika maelfu ya miaka ya karibuni, yaani muda wenye maana kwa binadamu anayejenga hoteli, bandari na nyaya, picha za mwangwi peke yake hazitoshi. Hapo ndipo nguzo za mashapo zinapoingia. Meli husimama juu ya eneo lililochaguliwa na kushusha bomba refu la chuma lenye uzito mkubwa juu yake. Bomba hujichoma sakafuni kwa uzito wake, hufungwa chini lisimwage, kisha huvutwa juu likiwa na nguzo ya tope ndani. Mabomba mengine yana pistoni inayofyonza tope lisisukumwe na kubanwa, na hayo huleta nguzo ndefu zaidi. Nguzo hukatwa vipande, hupasuliwa kwa urefu, nusu moja ikachunguzwa na nusu nyingine ikahifadhiwa kwenye baridi.

Ndani yake msomaji huona historia ikiwa imelala. Tope laini lililotua polepole, chembe kwa chembe, lina rangi na umbile la kufanana. Ghafla hutokea tabaka tofauti: chini mchanga mzito, juu yake mchanga laini zaidi, kisha udongo. Huo ni mkondo uliopita kwa kasi, ukapungua nguvu, ukaangusha kwanza kilicho kizito. Vigamba vya viumbe wadogo waitwao foraminifera hutoa ushahidi wa pili. Vikipatikana vigamba vya aina inayoishi kwenye maji ya kina kifupi katikati ya tope la kina cha mita 2,000, ni wazi kwamba vilibebwa.

Umri hutafutwa kwa njia kadhaa. Kaboni 14 katika vigamba hufika nyuma miaka 50,000 hivi. Risasi-210 hufaa kwa karne moja na zaidi kidogo. Sesiamu-137, iliyosambaa kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia na kufikia kilele mwaka 1963, huweka alama ya karibu kabisa.

Kila njia ina uongo wake. Kaboni ya baharini huonekana kuukuu kuliko umri wake kwa karne kadhaa, na tofauti hiyo hubadilika kutoka bahari moja hadi nyingine. Minyoo na kaa hufukua tope na kuchanganya tabaka. Baya zaidi, mkondo wenyewe unaweza kukwangua tabaka zilizokuwa chini yake kabla ya kutua, hivyo poromoko likawa limefuta kumbukumbu ya maporomoko yaliyotangulia. Nguzo moja ni shahidi mmoja, na mwenye busara hahukumu kwa shahidi mmoja. Ndiyo maana watafiti huchota nguzo nyingi katika makorongo tofauti na kuzilinganisha, kazi inayokula siku za meli na fedha nyingi.

Hoja ya kwanza: ardhi ndiyo inayotikisa

Kundi la kwanza linashikilia kwamba tabaka za mikondo ya tope ni daftari la matetemeko. Hoja yao yenye nguvu zaidi ilizaliwa magharibi mwa Marekani na Kanada, eneo la Cascadia. Mwaka 1990 John Adams, mwanajiolojia wa Kanada, alionyesha kwamba makorongo yanayokutana yalikuwa na idadi ileile ya tabaka, 13, juu ya makutano na chini yake. Kama kila korongo lingeporomoka kwa wakati wake, chini ya makutano tungekuta jumla ya yote mawili. Idadi kubaki ileile maana yake yaliporomoka pamoja, na kitu kinachoweza kutikisa makorongo yaliyotengana kwa saa moja ni tetemeko. Chris Goldfinger na wenzake waliiendeleza kazi hiyo hadi kuhesabu matetemeko makubwa 19 katika miaka 10,000, yaliyovunja ukingo mzima. Tetemeko la Kaikōura, New Zealand, la Novemba 2016 likawapa jaribio la moja kwa moja: nguzo zilizochotwa baadaye zilionyesha tope jipya katika makorongo mengi kwa wakati mmoja.

Kwa Afrika Mashariki hoja hii ina mvuto. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa haliishii nchi kavu. Lina mkono wake chini ya Bahari ya Hindi, unaopita nje ya Tanzania na kushuka kuelekea Msumbiji, na tetemeko la Agosti 2020 lilikuwa ukumbusho wake. Mwaka 2018 matetemeko yalianza mashariki mwa Mayotte, na mwaka uliofuata meli za Ufaransa zikakuta volkano mpya iliyosimama mamia ya mita juu ya sakafu ya bahari, kilomita 50 hivi kutoka kisiwani. Bahari yetu haijalala kama ramani za shuleni zilivyotufanya tuamini.

Udhaifu wake ni kwamba kanuni ya Cascadia haisafiri vizuri. Brian Atwater na wenzake waliihoji mwaka 2014 hata huko huko Cascadia, wakisema ulinganisho wa tabaka una nafasi ya tafsiri kuliko inavyokiriwa. Na karibu na Sumatra, watafiti waliochota nguzo baada ya matetemeko ya 2004 na 2005 hawakukuta tabaka pana walilolitarajia kila mahali. Ikiwa tetemeko la ukubwa wa 9.1 linaweza kupita bila kuandika jina lake katika tope, basi matetemeko ya ukubwa wa 6, kama la 2020, hayana uhakika wa kuandikwa kabisa. Daftari hili lina kurasa zilizoachwa wazi, na ukurasa mtupu hauthibitishi utulivu.

Hoja ya pili: mito ndiyo inayolimbikiza

Kundi la pili linatazama juu, nchi kavu. Kwao tetemeko ni kidole tu kinachogusa. Kinachoamua ni mzigo uliokwisha pandishwa. Ushahidi wao wa karibuni ni wa Afrika. Mwishoni mwa 2019 Mto Congo ulifurika kwa kiwango ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960. Wiki chache baadaye, kati ya tarehe 14 na 16 Januari 2020, mkondo wa tope ulishuka katika korongo la Congo na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kuelekea kilindini, ukakata nyaya za SAT-3 na WACS. Peter Talling na wenzake hawakuona sababu ya kuutafutia tetemeko. Waliunganisha mafuriko yaliyojaza mlango wa mto na maji makubwa ya bamvua yaliyokuja baadaye. Mto uliweka mzigo, bahari ikausukuma.

Hapa Nairobi inaingia katika hadithi kwa namna ambayo wakaazi wake hawaifikirii. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Vijito vya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Kidogo, vinavyopita kwenye mitaa ya Kileleshwa na Kilimani kati ya ghorofa zinazochimbiwa misingi mipya, vinamwaga humo. Mto huo huingia Athi, Athi huitwa Galana, Galana huitwa Sabaki, na Sabaki hutapika udongo mwekundu baharini kaskazini mwa Malindi. Udongo wa Dagoretti na Kangemi, pamoja na ule mwingi zaidi wa Ukambani, uko sakafuni huko. Kumbukumbu ya safari hiyo imeandikwa hata katika matumbawe: mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walisoma madini ya bariamu katika tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300, wakaona mmomonyoko ukipanda ghafla mwanzoni mwa karne ya 20, wakati kilimo cha walowezi kilipoanza kubadilisha uso wa nyanda za juu.

Je, basi, mafuriko ya Aprili na Mei 2024 jijini yanatega poromoko mbele ya Malindi? Hapa kundi la pili linapaswa kujizuia, na wafuasi wake wa mitandaoni zaidi. Korongo la Congo linaanzia ndani kabisa ya mlango wa mto, hivyo tope la mafuriko linaangukia moja kwa moja kwenye njia ya kwenda kilindini. Sabaki na Tana zinamwaga juu ya uwanda mpana, na sehemu kubwa ya mzigo hubaki hapo hapo: Malindi yenyewe inajua jinsi mchanga ulivyojaa ufukweni mwake. Hali ilikuwa tofauti miaka 20,000 iliyopita, wakati wa enzi ya barafu, bahari ilipokuwa chini kwa mita 120 hivi na mito ikimwaga karibu na ukingo wenyewe. Kwa hiyo mashapo ya hatari zaidi kwenye mteremko wetu huenda ni ya kale, si ya msimu uliopita.

Hata dai hilo la enzi ya barafu linahitaji tahadhari. Mwaka 2013 Morelia Urlaub na wenzake walikusanya umri wa maporomoko makubwa duniani na kutafuta kama yanafuata kupanda na kushuka kwa bahari. Hawakupata mpangilio ulio wazi. Makosa ya upimaji wa umri yalikuwa mapana mno kiasi cha kumeza mpangilio wowote ambao ungekuwepo. Ni matokeo ambayo pande zote mbili hupenda kuyapita haraka.

Hoja ya tatu: picha tayari tunazo

Kundi la tatu ni la wenye mkono wa birika, na silisemi kwa dharau. Wanauliza: kwa nini tugharamie meli na mabomba wakati bahari ya Kenya imekwisha pigwa picha? Kati ya kisima cha Pomboo cha mwaka 2007 na kile cha Mlima kilichokamilika mapema 2022, vikiwemo Mbawa, Kubwa na Sunbird katikati, kampuni za mafuta zilivuta vyombo vya mwangwi juu ya eneo kubwa la bonde la Lamu. Kwa mikataba ya utafutaji, takwimu hizo ni mali ya serikali, ingawa huwekewa siri kwa muda. Poromoko la Mafia lilipatikana kwa picha za namna hiyo hiyo. Mtu mwenye kompyuta nzuri pale Chiromo, kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, angeweza kuanza kazi kesho bila kulowa.

Nguvu ya hoja hii ni dhahiri. Picha zinaonyesha eneo lote, nguzo inaonyesha upana wa bomba. Bila picha, mchotaji anatoboa gizani. Lakini picha hazina tarehe. Zinaonyesha poromoko lililofunikwa na tabaka jembamba, wala haziwezi kusema kama tabaka hilo ni la miaka 3,000 au 30,000, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha swali zima. Visima vyenyewe havisaidii. Mita za juu kabisa, zile laini zenye historia ya karibuni, huchimbwa kabla bomba la kurudishia vifusi halijafungwa hadi melini, na vifusi vyake humwagika sakafuni. Kisima cha mamilioni ya dola hupita sehemu tunayoihitaji bila kuleta hata kijiko cha tope.

Kisima cha utafiti kilichochimbwa na meli ya Glomar Challenger mwaka 1972, kiitwacho Site 241, kipo yapata kilomita 400 mashariki mwa Lamu kwenye maji ya kina cha mita 4,054, na kilishuka mita 1,174 chini ya sakafu. Ni hazina kwa historia ya mamilioni ya miaka. Kwa karne za karibuni hakifai sana, kwani mitambo ya mzunguko ya enzi hizo ilivuruga tope laini la juu.

Zipo nguzo nyingine zinazosahaulika. Kabla ya kuchimba au kutandaza waya, wahandisi hupima usalama wa sakafu na mara nyingi huchota nguzo fupi njiani. Nyaya zinazotua Mombasa, kuanzia TEAMS na SEACOM za 2009 na EASSy ya 2010 hadi zilizofuata, kila moja ilipimiwa njia yake. Vipimo hivyo vimelala kwenye makabati ya wenye nyaya na wahandisi wao. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye akiba ya bei nafuu kuliko zote, na ajabu ni kwamba katika mjadala wa umma karibu haitajwi.

Saa ya Dagoretti

Ubishi huu wa vyanzo ungekuwa wa wasomi tu kama usingegusa swali la onyo. Kituo cha taifa cha kupokea na kusambaza tahadhari za tsunami kipo Idara ya Hali ya Hewa, Dagoretti Corner, kwenye Barabara ya Ngong, kilomita mia nne na zaidi kutoka baharini. Kinapata taarifa kutoka vituo vya kanda vya Australia, India na Indonesia, chini ya mfumo uliojengwa baada ya maafa ya 26 Desemba 2004.

Siku ile tetemeko la Sumatra lilitokea karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yakafika Kenya mchana, zaidi ya saa nane baadaye. Maji yalikuwa yamekupwa, ufuo wa Mombasa ulikuwa umeondolewa watu, na Kenya ikapoteza mtu mmoja wakati Somalia ilipoteza karibu 300. Mfumo wa Dagoretti umejengwa kwa mfano wa siku hiyo: chanzo cha mbali, tetemeko kubwa, saa nyingi za kujipanga.

Ushahidi wa kale unaunga mkono mfano huo. Huko Pangani, Tanzania, Maselli na timu iliyowahusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo mwanaakiolojia Elinaza Mjema, walichunguza tabaka la mchanga la miaka 1,000 hivi lenye mabaki ya makazi ya Waswahili wa kale. Hitimisho lao, lililotolewa mwaka 2020, ni kwamba wimbi la tsunami ndilo lililoliweka, na chanzo kinachoelekea zaidi ni tetemeko kubwa la Sumatra, si poromoko la hapa. Hebu itazamwe vizuri hali hii: mwaka mmoja, mtafiti yuleyule, pwani ileile, majibu mawili. Poromoko kubwa la hapa lipo, lakini ni la kale mno. Wimbi baya ambalo pwani ya Waswahili ililipata katika historia yake linaelekea kuwa lilitoka ng'ambo ya bahari.

Poromoko la karibu lingevunja mfano wa Dagoretti. Mwendo wa tsunami hutegemea kina: kwenye maji ya mita 4,000 hukimbia kilomita 700 kwa saa, kwenye mita 1,000 kilomita 350 hivi. Wimbi lililozaliwa kwenye mteremko wetu lingefika ufukweni kwa chini ya saa moja, mahali pengine kwa dakika chache. Huko Papua New Guinea, tarehe 17 Julai 1998, tetemeko la ukubwa wa 7 tu lilifuatiwa na poromoko la chini ya maji, na zaidi ya watu 2,000 wakafa kabla ya onyo lolote. Tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa volkano ya Anak Krakatau, Indonesia, uliporomokea baharini bila tetemeko la kuamsha mitambo, na zaidi ya 400 wakafa. Mfumo unaosubiri tetemeko kubwa ungebaki kimya katika tukio la pili, na katika la kwanza ungeliona dogo.

Mizani

Nikizipima hoja tatu, ya kwanza inaeleza vyema kwa nini mteremko unaweza kuanguka ghafla, lakini kuisoma pwani yetu kwa kanuni za Cascadia ni kuvaa kanzu ya mtu mwingine. Ya pili inaeleza vyema maandalizi, na kwa Kenya inaelekea kuwa na uzito zaidi upande wa nyaya kuliko upande wa tsunami, kwa sababu mkondo wa tope usioinua wimbi lolote unaweza bado kukata waya. Ya tatu ni dhaifu ikisimama peke yake, na ni ya lazima ikitangulia.

Mpangilio wa matumizi unafuata hapo. Kwanza, picha za mwangwi za bonde la Lamu zisomwe kwa ajili ya maporomoko, si mafuta pekee, na takwimu za njia za nyaya ziombwe kwa wenye nazo. Mamlaka ya Mawasiliano, yenye ofisi Barabara ya Waiyaki, ingeweza kuliweka hilo kama sharti la leseni kwa waya mpya bila kuuzuia kujengwa. Wenye nyaya watapinga kwa sababu za ushindani na usalama, na upinzani wao una mantiki: ramani ya waya mikononi mwa mwenye nia mbaya ni hatari. Lakini sifa za tope zinaweza kutolewa bila kuonyesha njia kamili.

Pili, baada ya picha kuonyesha mahali penye maporomoko machanga, ndipo nguzo zichotwe, chache na kwa shabaha, nyingi zaidi kati ya Malindi na Kiunga. RV Mtafiti, meli iliyotolewa na Ubelgiji kwa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, inafaa kwa kazi ya uwanda wa kina kifupi. Iliwahi kutumika Bahari ya Kaskazini, na si meli ya kuvuta bomba la pistoni kutoka kina cha mita 3,000. Kwa kilindi itabidi kuungana na meli za kigeni, kama zilivyopita Tyro ya Uholanzi mwaka 1992 na Meteor ya Ujerumani mwaka 2008 nje ya pwani zetu. Sharti la kuungana liwe nusu ya kila nguzo kurudi Kenya ikiwa na pahali pa baridi pa kuhifadhiwa. Upimaji wa kaboni si lazima uvuke bahari: iThemba LABS ya Johannesburg ina mashine ya kazi hiyo.

Tatu, na hili halisubiri nguzo yoyote, Pwani ifundishwe dalili zenyewe: mtikisiko unaosikika ufukweni, maji kurudi nyuma ghafla nje ya kawaida ya kupwa, mngurumo kutoka baharini. Mvuvi wa Mambrui anayezijua ataondoka kabla simu ya Dagoretti haijaita. Gharama yake ni ndogo kuliko siku moja ya meli, na inafanya kazi kwa poromoko la karibu kama kwa tetemeko la mbali.

Upande wa kupoteza upo pia. Fedha zitakazokwenda kwenye tope hazitakwenda kwenye vipima maji vya ziada, yaani mitambo ya ufukweni inayofuatilia kupanda na kushuka kwa bahari, kati ya Lamu na Vanga, na vipima hivyo vingesaidia kila mwaka, wakati nguzo huenda ikatoa jibu baada ya miaka mitano, tena jibu lenye upana wa karne nzima za makosa. Kwa bajeti ya mwaka mmoja ningechagua vipima. Kwa bajeti ya miaka kumi, kutochota hata nguzo moja ni kuendelea kupanga bandari ya Lamu na nyaya za Mombasa juu ya mteremko ambao hatujui uliteleza lini mara ya mwisho.